Homoni au mtindo wa maisha wakati wa kukoma hedhi? Tulinganishe dalili kwa dalili

Saa tisa usiku. Umeshtuka, shuka limelowa mgongoni, nywele zimenata shingoni, moyo unakwenda mbio kama wa mtu aliyekimbizwa. Unageuza mto upande wenye ubaridi, unalitupa shuka. Dakika tano baadaye unalipapasa gizani, maana jasho limepoa na sasa unatetemeka. Mimi nimeugeuza mto huo karibu miaka miwili kabla ya kutafuta msaada, na katika miaka hiyo nilishauriwa mambo mawili tu. Dada yangu mkubwa aliniambia, "Hayo ni ya umri, mdogo wangu. Fanya mazoezi, punguza uzito, yatapita." Mfanyakazi mwenzangu naye akaniambia, "Unajitesa bure, shoga. Siku hizi kuna homoni." Kila mmoja alisema kana kwamba mwenzake anapotosha watu.

Nikiwakumbuka leo naona kila mmoja alikuwa sahihi kwa dalili fulani na amekosea kwa nyingine. Kukoma hedhi si jambo moja lenye dawa moja. Ni furushi la dalili, na kila dalili ina tabia yake: ipo inayosikia homoni na haisikii kingine, ipo ambayo homoni haziigusi kabisa, na ipo inayotaka vyote viwili. Ukiuliza "kipi bora?" kwa jumla utapata ugomvi. Ukiuliza "kipi bora kwa hiki kinachonisumbua mimi?" utapata jibu.

Maneno tuyaweke sawa

Mwanamke huhesabika amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kwa kawaida hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55, wastani ukiwa kama miaka 51. Kabla ya hapo kuna miaka ya mpito, na hiyo ndiyo yenye vurugu. Estrojeni, homoni kuu ya kike, haishuki taratibu kama maji kwenye pipa linalovuja. Inapanda leo, inaporomoka kesho, kama gari linaloishiwa mafuta ambalo mara linashtuka, mara linazima. Ndiyo maana wengi huanza kuteseka wakati hedhi bado inakuja kwa kuvizia, kabla ya kukatika kabisa.

Ninaposema mtindo wa maisha nina maana ya mazoezi, chakula, uzito, usingizi, pombe na sigara. Humo naongeza tiba ya mazungumzo, ile ambayo mtaalamu anakufundisha kubadili fikra na mwenendo unapokabiliwa na dalili. Ninaposema tiba ya homoni nina maana ya kurudisha mwilini estrojeni iliyopungua, kwa vidonge, vibandiko vya ngozi, jeli au dawa ya kupulizia ngozini. Mwenye kizazi lazima aongezewe projesteroni au homoni ya jamii yake (projestini). Sababu yake ilijulikana kwa gharama: mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa wanawake waliokuwa wakipewa estrojeni tupu walipata zaidi saratani ya utando wa ndani wa kizazi. Estrojeni hukuza utando huo, projesteroni huuzuia. Aliyeondolewa kizazi hana haja ya projesteroni, na jambo hilo, kama tutakavyoona, linabadilisha hesabu yote ya hatari.

Joto la ghafla na jasho la usiku

Hapa homoni zinashinda, tena kwa mbali.

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hiyo inakuwa na wasiwasi kupita kiasi. Joto likipanda kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekigundua, inaona kama mwili unaungua: mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika, uso unawaka. Takriban wanawake watatu kati ya wanne hupitia hali hii. Wala si ya miezi michache kama tunavyoambiwa. Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha mwaka 2015 kuwa nusu ya waliokuwa wakiwaka mara kwa mara waliendelea kuwaka kwa zaidi ya miaka 7.4. Kwa wanawake weusi katika utafiti huo ilikuwa miaka 10.1. Kwa hiyo lile neno la dada yangu, "yatapita", ni kweli, ila hakusema lini.

Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yanaonyesha kuwa tiba ya homoni hupunguza idadi ya vipindi vya joto kwa takriban asilimia 75 ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa ndani. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba hata waliopewa hicho kidonge kitupu walipungukiwa na zaidi ya nusu ya vipindi vyao katika kipindi cha majaribio. Hilo linaeleza kwa nini kila mti, kila unga na kila chai ya menopozi (yaani kukoma hedhi) ina mashahidi wake wenye kuapa. Hawasemi uongo. Walipata nafuu kweli, ila mti huenda haukuhusika.

Na mtindo wa maisha je? Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa menopozi cha Marekani Kaskazini kilipitia ushahidi wa njia zisizo za homoni na kikatoa orodha iliyowaudhi wengi. Mazoezi, yoga, kupumua polepole, kukwepa vitu vinavyochochea joto, vyakula vya soya, virutubisho vya mitishamba: vyote viliwekwa upande wa "havipendekezwi" kwa ajili ya joto la ghafla. Si kwamba ni vibaya. Ni kwamba vikipimwa kwa uangalifu havionekani kuzuia joto hilo. Vilivyopita ni vichache: kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, tiba ya mazungumzo na hipnosisi (kuongozwa hadi akili itulie sana) inayofanywa na mtaalamu. Tiba ya mazungumzo ina sifa ya ajabu. Idadi ya vipindi hubaki karibu ile ile, lakini kero yake inapungua. Unawaka mbele ya watu kumi mkutanini, ila hukimbilii tena mlangoni ukidhani unakufa.

Mimi nilikuwa nakimbia dakika 40 kila asubuhi nikingoja joto likome. Nilipata miguu imara na moyo mzuri. Joto lilinifuata hadi kwenye kukimbia. Kama kuna mtu angeniambia mapema kwamba mazoezi ni kwa ajili ya mambo mengine, nisingejilaumu kwamba sijitumi vya kutosha.

Nguo za tabaka nyepesi, feni pembeni ya kitanda, maji baridi: hivyo viendelee. Havizuii joto, vinalifanya livumilike, na kwa mtu anayewaka mara mbili tatu kwa siku hiyo inatosha kabisa. Anayeamka mara sita usiku, kumpa feni peke yake ni kumwonea.

Usingizi na hisia

Hapa ushindi unagawanyika, na inabidi ujichunguze kwanza. Kinachokuamsha ni nini?

Kama ni jasho, tibu jasho, na usingizi utafuata. Homoni zina faida hapo, na projesteroni ya asili inayomezwa wakati wa kulala huwaletea wengi usingizi kama athari ya pembeni, athari ambayo kwa mara moja katika maisha unaishukuru. Lakini ipo hali nyingine. Jasho limeshakoma, na bado saa tisa inakukuta macho kodo unahesabu deni na maneno uliyoambiwa mwaka 2009. Huo ni ukosefu wa usingizi uliogeuka mazoea, na dawa yake bora ni tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya usingizi: saa maalumu ya kuamka kila siku, kutokaa kitandani ukiwa macho, kuvunja ile hofu ya kutolala. Homoni hazivunji mazoea.

Pombe nayo, nisiipitie kimya. Glasi ya jioni inakulaza haraka na kukuamsha katikati ya usiku, na wengi huwaka zaidi baada yake.

Kwa hisia, yaani hasira za ghafla, machozi yasiyo na sababu, huzuni ya miaka ya mpito, homoni zinaweza kusaidia, na mazoezi yana ushahidi mzuri kwa huzuni na wasiwasi. Ila msongo wa mawazo mzito, ule wa kukosa hamu ya kuishi, si kazi ya kibandiko wala ya kukimbia. Huo unahitaji matibabu yake, na upesi.

Kusahausahau? Wengi wetu tumeingia chumbani tukasahau tulichofuata. Mara nyingi hali hii hutulia baada ya mpito. Kuanza homoni kwa lengo la kulinda kumbukumbu hakupendekezwi. Kwa walioanza wakiwa na miaka 65 na zaidi, utafiti mmoja mkubwa ulionyesha mwaka 2003 kuwa estrojeni pamoja na projestini iliongeza maradhi ya kupoteza kumbukumbu badala ya kuyapunguza.

Ukavu ukeni: dalili isiyotajwa

Hii ndiyo dalili ambayo mtindo wa maisha hauna karibu lolote la kuifanyia, na ndiyo ambayo wanawake wengi huivumilia kimya kwa miaka. Joto la ghafla hatimaye huisha. Ukavu hauishi, unazidi kadiri miaka inavyokwenda, kwa sababu ngozi ya uke na njia ya mkojo huishi kwa estrojeni. Inakonda, inakauka, inachanika kirahisi. Tendo la ndoa linauma. Mkojo unakubana kila saa. Maambukizi ya njia ya mkojo yanarudi kila baada ya miezi, na kila yanaporudi unapewa antibayotiki nyingine bila mtu kuuliza chanzo.

Vilainishi vya wakati wa tendo na krimu za kulainisha zinazowekwa mara kadhaa kwa wiki zinasaidia, na kwa hali nyepesi zinatosha. Kinachotibu chanzo ni estrojeni ya dozi ndogo inayowekwa ukeni, kwa krimu, kidonge cha kuingiza au pete laini. Naomba uitenganishe kabisa kichwani na homoni za mwili mzima. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, haihitaji kuambatana na projesteroni hata kama una kizazi, na inaweza kutumika kwa miaka. Inapunguza pia yale maambukizi ya mkojo yanayojirudia. Hata baadhi ya wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti huruhusiwa kuitumia, baada ya kujadiliana na daktari wao wa saratani.

Kwa hiyo unaweza kukataa homoni za mwili mzima na bado ukatumia hii. Si kigeugeu. Ni dawa mbili tofauti zilizopewa jina moja.

Mifupa, misuli, kiuno na moyo

Sasa mizani inageuka.

Tuanze na mifupa, maana hapo bado zinakaribiana. Katika miaka mitano hadi saba baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Homoni huzuia hilo vizuri sana. Katika utafiti mkubwa nitakaoueleza hapa chini zilipunguza kuvunjika kwa nyonga kwa takriban theluthi moja. Tatizo ni kwamba ukiacha kuzitumia, kinga hiyo hupungua. Mazoezi ya kunyanyua uzito na yale yanayoipa mifupa mshindo, kama kurukaruka na kupanda ngazi, hayaongezi mfupa kwa kasi, lakini yanafanya kitu ambacho homoni haziwezi: yanakujengea misuli na uwezo wa kusimama imara. Nyonga kwa kawaida haivunjiki ukiwa umekaa. Huvunjika unapoanguka. Mwenye mapaja yenye nguvu anapojikwaa hujishika.

Ongeza kalsiamu, kama miligramu 1,200 kwa siku kwa aliyevuka miaka 50, kwanza kutoka kwenye chakula, pamoja na vitamini D na protini ya kutosha katika kila mlo.

Misuli na kiuno ni eneo la mtindo wa maisha peke yake. Homoni hazipunguzi uzito, na kinyume na uvumi, tafiti hazionyeshi kwamba zinaongeza. Kupungua kwa estrojeni huhamisha mafuta kutoka kwenye nyonga hadi tumboni, na ndiyo maana suruali ile ile inakubana kiunoni huku mzani haujasogea. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Wengi wetu tunatembea na kuishia hapo. Ukinilazimisha nichague kimoja cha kumwambia mwanamke wa miaka 50 aongeze, nitasema hizo siku mbili. Kiti kimoja chakavu kinatosha kuanzia: kaa, simama bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia. Wiki ya kwanza mapaja yatakulaani. Ya sita, utaongeza mzigo mkononi.

Moyo nao hauna ubishi. Tiba ya homoni haipewi mtu kwa lengo la kuzuia maradhi ya moyo. Shinikizo la damu, lehemu, sukari na sigara ndiyo mambo ya kushughulikiwa. Mvutaji, kwa taarifa tu, hukoma hedhi mwaka mmoja au miwili mapema kuliko asiyevuta.

Hatari: hapa ndipo watu wanapoogopeshana

Hofu ya homoni ina tarehe yake: Julai 2002. Marekani ilikuwa ikiendesha utafiti mkubwa ulioitwa Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wenye kizazi walipewa ama vidonge vya estrojeni na projestini, ama vidonge vitupu. Ukasimamishwa baada ya wastani wa miaka 5.2. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, walikuwapo 8 zaidi wenye saratani ya matiti, 8 zaidi wenye kiharusi, 8 zaidi wenye damu iliyoganda mapafuni na 7 zaidi wenye mshtuko wa moyo au kifo kitokanacho nao. Upande wa pili, walipungua 6 wenye saratani ya utumbo mpana na 5 waliovunjika nyonga. Magazeti yalibeba upande mmoja. Wanawake wakatupa vidonge, na mwaka uliofuata onyo kubwa likawekwa kwenye pakiti.

Kilichosahaulika ni umri. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wameshakoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma. Si yule wa miaka 50 anayelowesha shuka. Uchambuzi wa baadaye ndio ulioleta kanuni inayotumika leo: kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka kumi tangu akome hedhi, faida za kutibu dalili kali kwa kawaida huzidi hatari. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuanza kuliondoa onyo lile.

Nisieleweke kwamba hatari ni hadithi. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mpana uliokadiria kuwa miaka mitano ya kutumia estrojeni pamoja na projestini kila siku, kuanzia umri wa miaka 50, inaongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya matiti kwa kila wanawake 50, wakihesabiwa hadi umri wa miaka 69. Kwa estrojeni peke yake ni mmoja kwa kila 200. Tofauti hiyo ndiyo niliyosema mwanzoni: aliyeondolewa kizazi anafanya hesabu nyingine kabisa.

Lakini hatari haipimwi peke yake. Makadirio ya Uingereza yaliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa huchukua wanawake 1,000 wa miaka 50 hadi 59 na kuwafuatilia miaka mitano. Kwa kawaida 23 kati yao watapata saratani ya matiti. Sasa tazama kinachobadilika:

- Wakitumia estrojeni na projestini: 4 zaidi.
- Wakitumia estrojeni peke yake: 4 pungufu (tofauti na Lancet, maana makadirio haya yametoka kwenye tafiti nyingine).
- Wakivuta sigara: 3 zaidi.
- Wakinywa uniti mbili au zaidi za pombe kila siku (uniti moja ni mililita 10 za kilevi halisi): 5 zaidi.
- Wakiwa na unene uliokithiri: 24 zaidi.
- Wakifanya mazoezi ya wastani angalau saa mbili na nusu kwa wiki: 7 pungufu.

Orodha hiyo niliitazama muda mrefu. Nilikuwa naogopa kibandiko huku nikinywa divai kila jioni ili "nitulie". Nawe ukiitazama utaona kwamba mtindo wa maisha si mpinzani wa homoni. Anayetumia homoni ndiye anayeuhitaji zaidi.

Kuna na suala la njia ya kuingizia dawa. Vidonge vya kumeza vya estrojeni hupitia kwenye ini kwanza na huongeza uwezekano wa damu kuganda. Ile inayopita kwenye ngozi, kwa ushahidi uliopo, haionekani kuongeza hatari hiyo. Ndiyo maana mwenye uzito mkubwa, au mwenye historia ya damu kuganda katika familia, mara nyingi huelekezwa kwenye kibandiko au jeli. Kero ya kibandiko ni ndogo na ya nyumbani: kinabadilishwa mara moja au mbili kwa wiki kutegemea aina, kinabandikwa chini ya kiuno, na siku ya tatu kingo zake zinakuwa zimekusanya vumbi la nguo na kuacha mstari wa kijivu usiotoka kwa sabuni. Mafuta kidogo kwenye pamba yanautoa.

Mtindo wa maisha hauna karatasi ya madhara, lakini una gharama inayofichwa. Ni muda. Mwanamke anayeambiwa "jitahidi zaidi" kwa miaka mitano huku halali, huku kazi inamshinda, analipa. Na virutubisho vya mitishamba visihesabiwe kuwa salama kwa sababu ni majani. Baadhi yake vimehusishwa na madhara ya ini.

Basi nani achukue njia ipi?

Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au kati ya 40 na 45, au aliyeondolewa ovari mapema, asikae kulinganisha. Kwake homoni ni kurudisha kile ambacho mwili ulipaswa kuwa nacho bado, na hushauriwa kuzitumia angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, labda kuwe na kizuizi. Bila hivyo mifupa na moyo vinaumia mapema.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye damu ya ukeni isiyojulikana sababu, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo: homoni za mwili mzima kwa kawaida si zake. Lakini hajaachwa na feni tu. Kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa zisizo homoni, zikiwemo baadhi ya dawa za msongo wa mawazo kwa dozi ndogo, na fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023, ambayo hutuliza moja kwa moja ile sehemu ya ubongo inayopima joto. Hiyo ya mwisho inataka ini lipimwe kabla na wakati wa matumizi.

Mwenye dalili nyepesi, analala, anafanya kazi zake: aanze na mtindo wa maisha na aishie hapo akitaka. Mwenye zaidi ya miaka 60 ambaye hajawahi kutumia homoni na anafikiria kuanza, afikirie mara mbili na daktari wake.

Na yule wa miaka 48 au 52, mwenye afya, anayewaka usiku kucha? Mawazo yangu ni haya: asisubiri awe amefanikiwa kupunguza uzito ndipo afikirie homoni. Mtu asiyelala hana nguvu za kunyanyua kitu. Kwangu mimi homoni ndizo zilizonirudishia usingizi, na usingizi ndio ulionirudisha kwenye mazoezi, kwa mpangilio huo.

Ukiamua kujaribu

Wiki mbili kabla ya kumwona daktari, andika kila siku umewaka mara ngapi, umeamka mara ngapi, na hedhi ikija, tarehe. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kipimo cha homoni, ambacho kwa aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida mara nyingi hakihitajiki, maana viwango hupanda na kushuka siku hadi siku. Mwambie pia kama unakohoa, unapungua mwili bila sababu au una homa, kwa sababu jasho la usiku lina vyanzo vingine, kifua kikuu kikiwemo. Tezi ya shingo nayo inaweza kuigiza dalili hizi vizuri sana.

Joto huanza kupungua ndani ya wiki chache za homoni. Ipe dawa miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Matiti kuuma na damu ya matone ni kawaida mwanzoni. Damu inayoendelea baada ya miezi sita, au inayotokea kwa mtu aliyekwisha kukoma na hatumii homoni yoyote, lazima ichunguzwe.

Usidhani homoni hizi ni uzazi wa mpango. Hazizuii mimba. Aliye chini ya miaka 50 anashauriwa kujikinga kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, aliyevuka 50 kwa mwaka mmoja. Lupu yenye homoni inaweza kufanya kazi zote mbili: kuzuia mimba na kulinda kizazi dhidi ya estrojeni.

Hakuna tarehe ya lazima ya kuacha. Inaangaliwa kila mwaka. Karibu nusu ya wanaoacha huona joto likirudi kwa kiasi fulani, na wengine huamua kuendelea kwa dozi ndogo zaidi. Mimi niko mwaka wa tatu. Daktari ameshanipunguzia dozi mara moja, na mto siku hizi naugeuza kwa sababu ya mkao tu.